UCHAMBUZI: Mgeni abishapo hodi kwenye sinagogi

MTU aliyebisha hodi katika sinagogi la Beth Israel mjini Colleyville, jimbo la Texas, asubuhi ya Januari 15, 2022, alionekana kuwa fukara aliyetafuta pa kujikinga na baridi. Rabi Charlie Cytron-Walker alimfungulia, akamkaribisha ndani na kumwandalia chai. Muda si muda, ibada ya Sabato ikiendelea, rabi huyo alisikia nyuma yake mlio wa bastola ikitayarishwa. Yeye na waumini watatu wakawa mateka kwa takriban saa 11.

Mgeni huyo, Malik Faisal Akram, alikuwa raia wa Uingereza. Alidai kuachiliwa kwa Aafia Siddiqui, mwanasayansi wa Pakistan aliyehukumiwa mwaka 2010 kifungo cha miaka 86 na ambaye alikuwa amezuiliwa mjini Fort Worth, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Aliamini kwamba Wayahudi wana uwezo wa kupiga simu moja na Serikali ya Marekani ikatii. Dhana hiyo kongwe, kwamba kila Myahudi ana mkono katika kuendesha dunia, ndiyo iliyomtoa Uingereza hadi kwenye sinagogi dogo la mji ambao Wakenya wengi hawakuwa wameusikia.

Mateka mmoja aliachiliwa jioni. Waliosalia walijisogeza kidogo kidogo hadi wakawa karibu na mlango wa kutokea. Usiku, rabi alipoona mtekaji amezubaa, alimrushia kiti, akawaambia wenzake wakimbie, nao wakatoka salama. Akram aliuawa na maafisa wa FBI.

Baadaye Rabi Cytron-Walker alisema kilichowaokoa ni mafunzo waliyopokea miaka iliyotangulia kutoka kwa polisi wa mji huo, FBI, shirika la ADL linalopambana na chuki dhidi ya Wayahudi, na Secure Community Network (SCN), taasisi ya Wayahudi wa Marekani inayoshughulikia usalama. Walikuwa wamefundishwa wasikae mbali na mlango, watazame mikono ya mtu wala si uso wake tu, na kwamba nafasi ya kukimbia ikitokea isingojewe ya pili.

Wapo waliomlaumu kwa kufungua mlango. Hata hivyo, rabi mwenyewe hakukubali kwamba ukarimu ulikuwa kosa. Torati inamwamuru Myahudi kumpenda mgeni, maadamu yeye naye alikuwa mgeni katika nchi ya Misri, na agizo hilo limerudiwa humo mara nyingi kuliko maagizo mengi mengine. Waswahili nao husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila wahenga hawakusema lolote kuhusu mgeni aliyeficha bastola kotini, na hilo ndilo linaloyakosesha usingizi mashirika ya Kiyahudi kuanzia Buenos Aires hadi Sydney: namna ya kuendelea kuwa nyumba ya ibada, shule au kituo cha wazee bila kugeuka ngome, na bila kugeuka kaburi.

Si jambo la jana

Ni kosa kudhani kwamba tahadhari hizi zilizaliwa na vita vya Gaza. Septemba 6, 1986, watu wenye silaha walivamia sinagogi la Neve Shalom mjini Istanbul wakati wa ibada ya Sabato na kuwaua waumini 22. Sinagogi hilo hilo lilishambuliwa tena kwa bomu la gari Novemba 15, 2003, pamoja na jingine la Beth Israel katika mji huo.

Lakini tukio lililobadilisha kabisa fikra za wapangaji wa usalama lilitokea Argentina. Julai 18, 1994, gari lililojazwa vilipuzi liliporomosha jumba la AMIA mjini Buenos Aires na kuua watu 85. AMIA haikuwa kambi wala ubalozi. Ilikuwa ofisi ya huduma za jamii, mahali pa kutafutia ajira na kupangia mazishi, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo watu waliokuja kusaka kazi tu na wapita njia. Miaka miwili kabla, Machi 17, 1992, bomu lingine lilikuwa limeua watu 29 katika ubalozi wa Israel jijini humo. Juma moja tu baada ya mkasa wa AMIA, mabomu ya gari yalilipuka London nje ya ubalozi wa Israel na nje ya jumba la mashirika ya Kiyahudi.

Jumba jipya la AMIA lilifunguliwa mwaka 1999. Limejengwa ndani ya kiwanja, mbali na barabara, nyuma ya ukuta wa kuhimili mlipuko. Mbele ya shule na masinagogi ya Buenos Aires pakasimamishwa nguzo fupi za saruji kandokando ya njia, kiasi kwamba mpita njia anaweza kulitambua jengo la Kiyahudi kwa nguzo hizo kabla hajaona maandishi yoyote ya Kiebrania. Ni kinaya cha aina yake: kinga yenyewe ndiyo inayomwonyesha adui shabaha.

Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa sana maana ya umbali kati ya jengo na barabara. Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani jijini Nairobi ulikuwa kwenye kona ya barabara za Moi na Haile Selassie, pua na mdomo na magari ya umma. Watu 213 walifariki, wengi wao Wakenya, na Jumba la Ufundi lililokuwa jirani likaporomoka. Ubalozi huo ulipojengwa upya huko Gigiri, kitu cha kwanza kilichonunuliwa kilikuwa nafasi.

Uingereza ilikuwa na desturi yake. Vijana wa Kiyahudi waliotoka vitani mwaka 1946 waliunda kundi la kupambana na mafashisti mitaani London, na lingine likafuata mwaka 1962. Kutokana na mkondo huo, ijapokuwa kwa mwenendo tofauti kabisa, kuliibuka Community Security Trust (CST), iliyosajiliwa kama shirika la hisani mwaka 1994. Leo CST ina wafanyakazi wa kudumu na wafanyakazi wa kujitolea zaidi ya 2,000, wake kwa waume, ambao husimama milangoni wakati wa ibada, harusi na siku za shule. Hawabebi bunduki. Kazi yao ni kutazama, kuuliza maswali kwa adabu, kuandika nambari za gari lililozunguka mara tatu, na kumpigia polisi simu kabla jambo halijawa jambo.

Marekani ilichelewa. SCN ilianzishwa mwaka 2004, miaka mitatu baada ya Septemba 11, na kwa muda mrefu masinagogi mengi ya huko yaliendelea kuacha milango wazi siku ya Sabato kama ilivyokuwa desturi. Wayahudi wa Ulaya walipozuru Marekani walistaajabu kuingia sinagogini bila kuulizwa jina. Mshangao huo ulikoma Oktoba 27, 2018.

Simu mfukoni siku ya Sabato

Asubuhi hiyo, dakika chache kabla ya saa nne, mtu mwenye bunduki aliingia katika jumba la Tree of Life mjini Pittsburgh, ambamo makusanyiko matatu ya waumini yalikuwa yakisali katika kumbi tofauti. Aliua watu 11, wengi wao wazee. Ni shambulizi baya zaidi dhidi ya Wayahudi katika historia ya Marekani. Muuaji, Robert Bowers, alihukumiwa kifo mwaka 2023.

Wengi wanaifahamu idadi ya waliokufa. Wachache wanajua kwa nini haikuwa kubwa zaidi.

Shirikisho la Wayahudi la Pittsburgh lilikuwa limemwajiri afisa mstaafu wa FBI, Brad Orsini, awe mkurugenzi wa usalama wa jamii nzima. Orsini alizunguka sinagogi baada ya sinagogi akifundisha, na alipofika Tree of Life alimkuta Rabi Jeffrey Myers na tatizo la kidini: Myahudi anayeshika Sabato hatumii simu siku hiyo. Orsini alimsihi aibebe hata hivyo. Rabi alikubali. Sheria ya Kiyahudi yenyewe inaruhusu, kwa sababu kuokoa uhai hutangulia karibu kila amri nyingine, Sabato ikiwamo. Risasi ziliposikika, Myers aliwaondoa baadhi ya waumini waliokuwa mbele na kupiga simu ya dharura kutoka ndani ya jengo. Aidha, milango ya kutokea, ambayo hapo awali mingine ilikuwa haifunguki vizuri, ilikuwa imerekebishwa baada ya ukaguzi wa usalama. Wapo watu wanaopumua leo kwa sababu ya bawaba zilizotiwa mafuta.

Huo ndio uhalisia wa mpango wa dharura, nao hauna mvuto wa sinema. Ni orodha ya nani atapiga simu na nani atafunga lango. Ni kujua ni nani mwenye funguo za mlango wa nyuma, na kama yuko safarini ni nani mwingine anazo. Ni ramani ya jengo iliyokwisha kufikishwa kituo cha polisi, ili askari wasianze kuulizana vyumba viko wapi huku watu wakivuja damu. Ni mikanda ya kuzuia damu ukutani na watu wanaojua kuifunga, kwa kuwa mtu aliyepigwa risasi ya paja anaweza kufa kabla ambulensi haijafika. Ni kufanya zoezi mbele ya wazee wenye mikongojo wala si mbele ya vijana tu. Na ni kukubaliana mapema kuhusu jambo ambalo wengi hulisahau: jamaa watakusanyika wapi kupata habari, na nani atazungumza na wanahabari.

Mipango hiyo haihusu bunduki pekee. Mwaka 2017 vituo vya kijamii vya Kiyahudi zaidi ya 100 nchini Marekani vilipokea simu za vitisho vya mabomu. Kila simu ilimaanisha kuwatoa watoto wa chekechea nje, kuwapandisha wazee kutoka bwawa la kuogelea, kuwaita polisi na mbwa wao. Hapakuwa na bomu hata moja. Simu nyingi ilibainika zilipigwa na kijana Myahudi aliyekuwa Israel, ambaye mahakama ya Tel Aviv ilimfunga miaka 10. Vituo vilivyokuwa vimefanya mazoezi viliondoa watu kwa utulivu, na vingine vikajifunza siku hiyo hiyo. Hatari kubwa zaidi ilikuwa uchovu: simu ya tano inapolia, nani ataamka kitini?

Mwaka huo huo mafuriko ya kimbunga Harvey yalijaa katika masinagogi na kituo cha kijamii mjini Houston, na Januari 2025 moto wa nyika uliteketeza sinagogi la Pasadena, California. Waumini na wafanyakazi wa Pasadena walikuwa wamewahi kuokoa hati za Torati kabla ndimi za moto hazijafika.

Mlango uliokataa

Pengine hakuna kitu kinachotajwa zaidi katika mafunzo ya siku hizi kuliko mlango wa mbao wa sinagogi la Halle, Ujerumani. Oktoba 9, 2019, siku ya Yom Kippur, ambayo ni takatifu kuliko zote kwa Wayahudi, mtu mwenye silaha alizojiundia nyumbani aliupiga risasi na kuutupia vilipuzi. Ndani mlikuwa na watu takriban 50. Walimwona kwenye skrini ya kamera iliyokuwa juu ya mlango, wakarundika viti na meza. Mlango haukufunguka. Muuaji aligeuka akamuua mwanamke mpita njia, kisha kijana mmoja katika mkahawa wa kebabu. Alihukumiwa kifungo cha maisha Desemba 2020.

Hapakuwa na polisi hata mmoja nje ya sinagogi hilo siku hiyo. Baraza Kuu la Wayahudi la Ujerumani halikuficha hasira yake. Mwaka uliofuata serikali ya shirikisho ilitenga Euro milioni 22 za kuimarisha majengo ya Kiyahudi. Mlango wenyewe, na matundu yake ya risasi, umehifadhiwa kama kumbukumbu.

Lakini kamera na vifaa vingine vya Halle vilikuwa vimegharimiwa kwa sehemu na Shirika la Kiyahudi lenye makao yake Israel. Yaani raia wa Ujerumani, walipa kodi kama wenzao, waliokolewa kwa msaada wa wafadhili wa ng'ambo kwenye siku ambayo dola yao haikuwapo mlangoni. Hapa ndipo mjadala wa usalama unapoacha kuwa wa kufuli na kamera na kuwa wa uraia. Je, anayetishwa ndiye anayepaswa kulipia ulinzi wake?

Marekani imejibu nusu ndiyo na nusu la. Tangu mwaka 2005 serikali ya shirikisho imekuwa na mpango wa ruzuku za usalama kwa mashirika yasiyo ya faida, unaosimamiwa na FEMA, idara ya kukabiliana na majanga. Ulianza na dola milioni 25. Kufikia mwaka 2022 ulikuwa dola milioni 250, mwaka uliofuata milioni 305. Makanisa, misikiti na mahekalu ya Kihindu nayo huomba, ingawa mashirika ya Kiyahudi ndiyo yaliyoupigania mpango huo tangu mwanzo.

Kwenye karatasi ni fedha nyingi. Ila fedha hizo hulipwa baada ya mtu kutumia zake kwanza. Sinagogi la waumini 60, lenye katibu mmoja anayefanya kazi nusu siku, litatoa wapi dola 100,000 za kujenga lango huku likingoja kurejeshewa? Vilevile fomu zake zinahitaji tathmini ya kitaalamu ya hatari, na mwenye kuandika vizuri ndiye apataye. Wanyonge zaidi ndio wanaobaki nyuma.

Tena kuna kuchelewa. Sinagogi la Chabad mjini Poway, California, lilikubaliwa ruzuku ya dola 150,000 Septemba 2018 ili liimarishe malango na milango. Fedha ziliingia mwishoni mwa Machi 2019. Aprili 27, siku ya mwisho ya Pasaka ya Kiyahudi na kabla hata dola moja haijatumika, mtu mwenye bunduki aliingia kupitia mlango wa mbele, akamuua mwanamke mmoja na kuwajeruhi watu watatu, rabi akiwa mmoja wao. Hakuna ajuaye kama lango lingemzuia. Linalojulikana ni kwamba miezi sita ilipotea baina ya ofisi na ofisi.

Mwaka 2025 mpango huo ulitikiswa mara mbili. Kwanza, malipo yalisimamishwa kwa muda serikali mpya ilipokuwa ikikagua matumizi ya umma. Pili, yakazuka masharti yaliyofungamanisha ruzuku za Idara ya Usalama wa Ndani na ushirikiano katika msako wa wahamiaji, na baadhi ya makusanyiko yakasema afadhali yakose fedha kuliko kuzipokea kwa bei hiyo. Mashirika yenyewe hayakuwa na kauli moja. Hali kama hiyo inaonyesha udhaifu wa kutegemea mfuko wa serikali kwa jambo la kila Sabato: serikali hubadilika, ilhali kitisho hubaki.

Uingereza hutumia njia nyingine. Wizara ya Mambo ya Ndani hutoa ruzuku ambayo CST huisimamia kwa niaba ya shule na masinagogi, na Februari 2024 serikali ilitangaza nyongeza ya pauni milioni 54 kwa miaka minne. Mkuu wa shule hajazi fomu akishindana na jirani yake. Chombo kimoja, chenye wataalamu, hupima na kupanga. Ni mfumo wenye busara zaidi, japo unawezekana kwa urahisi kwa sababu jamii yenyewe ni ndogo na imejikusanya katika miji michache.

Dakika saba za Manchester

Hata mfumo huo hauna uchawi. Oktoba 2, 2025, siku ya Yom Kippur, mtu mmoja aliendesha gari akawagonga watu nje ya sinagogi la Heaton Park jijini Manchester, akashuka na kisu, kiunoni amevaa kitu kilichofanana na mkanda wa mabomu. Simu ya kwanza kwa polisi ilipigwa saa tatu na dakika 31 asubuhi. Saa tatu na dakika 38 alikuwa amepigwa risasi. Katika dakika hizo saba, walinzi na waumini walikuwa wamemzuia nje huku Rabi Daniel Walker na wenzake wakifunga milango na kuishikilia kwa mikono. Mkanda ulikuwa bandia.

Watu wawili walikufa, Melvin Cravitz na Adrian Daulby. Ikathibitika kwamba Daulby, aliyekuwa miongoni mwa walioushikilia mlango, aliuawa na risasi ya polisi iliyopenya. Hakuna mtu mwenye haki anayeweza kuwabeza askari waliokabili kile walichoamini ni bomu. Ila tukio hilo limewaachia wapangaji swali ambalo vitabu vya mafunzo vilikuwa havijalipa uzito: askari wa nje atajuaje nani yuko nyuma ya mlango uliofungwa, na wa ndani watajuaje risasi itatoka upande gani?

Ikumbukwe pia kwamba wanaosimama mlangoni hulipa gharama kubwa kuliko wote. Usiku wa kuamkia Februari 15, 2015, Dan Uzan, mlinzi wa kujitolea mwenye umri wa miaka 37, aliuawa nje ya sinagogi kuu la Copenhagen wakati ndani mlikuwa na sherehe ya msichana aliyetimiza umri wa kushika amri za dini. Muuaji hakufika ukumbini. Juma moja baadaye, vijana Waislamu mjini Oslo, Norway, waliwaita watu wakashikana mikono kulizunguka sinagogi la mji huo. Walijitokeza zaidi ya 1,000.

Jambo hilo halikosi mfano wake hapa. Julai 1, 2012, makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa kwa bunduki na gruneti na watu 17 wakauawa. Viongozi wa Kiislamu wa Kenya waliafiki kwamba vijana wao washiriki kuyalinda makanisa. Ni hatua iliyosahaulika haraka mno katika nchi iliyokuja kushuhudia Westgate mwaka 2013, watu 67, na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, watu 148.

Wayahudi wa Kenya ni wachache. Sinagogi lao la Nairobi liko jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi, na kusanyiko hilo limekuwapo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Lakini mashambulizi yaliyolenga Wayahudi au Waisraeli katika ardhi hii yamewaua zaidi wenyeji. Hoteli ya Norfolk, mali ya familia ya Kiyahudi ya Block, ililipuliwa Desemba 31, 1980. Novemba 28, 2002, hoteli ya Paradise huko Kikambala ililipuliwa wageni kutoka Israel walipokuwa wakipokelewa. Kati ya watu 13 waliouawa, kumi walikuwa Wakenya, baadhi yao wachezaji ngoma waliokuja kuwakaribisha wageni. Mwenye kudhani kwamba usalama wa Wayahudi ni shauri la Wayahudi ahesabu majina hayo.

Wala si hoja kwamba mtu ana kinyongo na vita vya Israel. Kuilaumu serikali yoyote ni haki ya kila mtu, na wamo Wayahudi wengi wanaoilaumu ile ya Israel kwa sauti kali. Mzee aliyekwenda kusali Manchester hakutuma ndege yoyote Gaza. Tangu Oktoba 7, 2023, matukio ya chuki yaliyoorodheshwa na CST nchini Uingereza yalipita 4,000 kwa mwaka huo, na ADL ikahesabu 9,354 nchini Marekani mwaka 2024. Kuna ubishi kuhusu namna ADL inavyohesabu, hasa kauli zinazotolewa kwenye maandamano. Ubishi huo ni halali, lakini haugusi milango iliyochomwa wala watu waliozikwa.

Kuna onyo jingine ambalo Mkenya atalielewa haraka. Ulinzi ukidumu sana hugeuka ada tupu. Kila siku katika maduka na ofisi za Nairobi na Mombasa, askari hupitisha kigunduzi cha chuma ubavuni mwa mtu, kikalia, naye akamwashiria apite huku akitazama kwingine. Wataalamu wa mashirika ya Kiyahudi wana hofu iyo hiyo. Ndiyo maana CST na SCN husisitiza zaidi macho na mazungumzo kuliko mashine. Swali la "karibu, umetoka wapi leo?" likiulizwa na mtu makini, humpokea mgeni wa kweli na humbabaisha mwenye nia mbaya. Nalo lina kasoro yake. Wayahudi weusi nchini Marekani wamelalamika kwamba wao ndio huulizwa mara mbili, na kwamba askari mwenye bunduki mlangoni hawapi wote utulivu ule ule. Makusanyiko kadhaa yameanza kuwaweka wenyeji wanaowafahamu waumini kwa sura wasimame pamoja na askari wa kukodiwa.

Tatizo lisilo na mlango kabisa lilijitokeza Desemba 14, 2025. Familia za Kiyahudi zilikuwa zimekusanyika katika bustani ya ufuo wa Bondi, Sydney, kuwasha taa za Hanukkah, wakati baba na mwanawe walipofyatua risasi. Watu 15 waliuawa. Hapakuwa na bawaba ya kutia mafuta wala mbao ya kuhimili. Aliyemnyang'anya bunduki mmoja wa washambuliaji alikuwa mwenye duka Mwislamu, mzaliwa wa Syria, Ahmed al-Ahmed, ambaye alipigwa risasi na akapona.

Hanukkah kwa desturi ni sikukuu ya kuonyesha nuru hadharani. Taa huwekwa dirishani au barabarani ili wapita njia waione. Kuihamishia ukumbini nyuma ya geti kunapunguza hatari na kunaondoa sehemu ya maana yake. Baada ya Bondi, miji kadhaa ya Ulaya na Marekani iliongeza polisi kwenye sherehe za siku zilizobaki, na taa nyingi ziliwashwa palepale zilipokuwa zimepangwa, katika viwanja vya wazi.